Umoja Hauhitaji Rai Moja

Imani kwamba mgawanyiko wa kisiasa hupona watu wakiacha kutofautiana imeenea majukwaani na hata katika nyumba za ibada, nayo ni potofu. Kila uchaguzi ukikaribia, wananchi huhimizwa waweke siasa kando kwa kuwa wote ni ndugu. Aristotle aliona mbali zaidi. Katika kitabu chake cha maadili kinachojulikana kwa jina la Nikomako, urafiki ndio unaoushikilia mji, lakini mapatano ya raia hayadai rai moja juu ya kila jambo. Yanadai wakubaliane juu ya mambo makubwa ya pamoja, kwa mfano kwamba vyeo vipatikane kwa kuchaguliwa, kisha walitekeleze walilokubaliana.

Zanzibar imelithibitisha hilo kwa gharama kubwa. Baada ya uchaguzi wa 1995 uhasama wa chama tawala, CCM, na chama cha upinzani, CUF, uliingia hadi majumbani. Kisiwani Pemba watu walisusiana madukani, harusini, hata mazikoni. Muafaka wa 1999 kati ya vyama hivyo ulitiwa saini, ahadi zake nyingi zikaachwa, na Januari 2001 waandamanaji wakapigwa risasi wakafa, wengine wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Novemba 2009 Rais wa Zanzibar, Amani Karume wa CCM, na kiongozi wa CUF, Maalim Seif Sharif Hamad, walikutana. Julai 2010 asilimia 66.4 ya wapiga kura waliikubali serikali ya umoja wa kitaifa, na Oktoba Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM akashinda urais kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1 za Maalim Seif. Visiwa vilikuwa vimegawanyika nusu kwa nusu kama zamani, na bado uchaguzi ule ulipita kwa amani. Rai hazikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba Katiba ya Zanzibar ilikihakikishia chama kinachoshika nafasi ya pili umakamu wa kwanza wa rais.

Wasuluhishi wa ndoa wanalijua jambo hili. Qurani, katika Suratun Nisaa, inaagiza mwamuzi mmoja atoke kwa jamaa za mume na mwingine kwa jamaa za mke, kwa sababu kila upande unahitaji mtu unayemwamini. Waamuzi hao hawawalazimishi wanandoa waone mambo kwa jicho moja. Huuliza nani aliahidi nini na nani amevunja, kisha huweka masharti mbele ya mashahidi. Kumwambia aliyedhulumiwa asahau tu ni kumdhulumu mara ya pili.

Masharti yakivunjwa, umoja nao huvunjika. Oktoba 2015 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi alifuta uchaguzi mzima wa Zanzibar, ingawa wanasheria wengi walisema hana mamlaka hayo. CUF ilisusia marudio ya Machi 2016 na serikali ya umoja ikavunjika, bila raia yeyote kubadili itikadi yake. Ilirejea Desemba 2020, ACT-Wazalendo, chama ambacho Maalim Seif alikuwa amehamia, kilipokubali kuingia baada ya uchaguzi mwingine wenye malalamiko mazito, huku madai ya kuirekebisha Tume yakiwa bado mezani.