Hadithi ya Mwerevu na Mjinga



Kuna hadithi moja ambayo mfanya kazi amesimuliwa tangu zamani, nasi twaona yafaa tuichambue. Ni hadithi ya watu wawili, mmoja mwerevu na mwingine mjinga.

Katika mwaka 1935 Waingereza walianza kutengeneza sinema za Waafrika huko Vugiri, Usambara, nchini Tanganyika. Lori lilizichukua na kuzionyesha Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Mojawapo ilihusu Benki ya Akiba ya Posta. Vibarua wawili wa shamba wanapokea mshahara. Mmoja anazifukia fedha zake, na mwizi anazichimbua. Mwenzake anapeleka zake Posta, nazo ni salama. Watazamaji wengi hawakujua kusoma, na picha ile ndiyo iliyokuwa kitabu chao.

Hatusemi kwamba kuweka akiba ni kubaya. Sisi wenyewe twawahimiza wanachama waweke. Twauliza juu ya lile lililoachwa. Mshahara ule ulikuwa shilingi ngapi? Nani aliupanga? Siku zile kibarua wa Kenya alivaa kipande shingoni, na akiacha kazi bila ruhusa alishitakiwa. Katika hadithi hayo hayamo. Adui ni mwizi, na ujinga wa kibarua mwenyewe. Bwana shamba analipa, anaondoka, wala hakuna amwulizaye neno. Basi skwota wa Trans Nzoia angeitazama sinema kama hiyo, angerudi kwake akimcheka mwenziwe, asikumbuke kuuliza ardhi ile ilikuwa ya nani.

Upande wa Bungoma hadithi haikuhitaji lori. Elijah Masinde wa Kimilili, kiongozi wa Dini ya Msambwa, alipinga kazi ya kulazimishwa. Wakubwa walimfanya mhusika wa hadithi yao, wakampa jina la mwendawazimu. Katika mwaka 1945 alipelekwa hospitali ya Mathari. Mtu akishaitwa mwendawazimu, madai yake hayajibiwi tena. Tarehe 10 Februari 1948 polisi walipiga risasi umati wa wafuasi wake huko Malakisi, wakafa watu 11.

Wakoloni wamekwenda, lakini hadithi imebaki. Leo inakuja kwa mchezo wa redio na kwa picha za simu, hasa kura zinapokaribia. Tajiri ni tajiri kwa kuwa aliamka mapema. Mgomaji ni mlevi, au amepewa fedha na mtu. Mama anayepalilia mahindi tangu alfajiri hamo katika mchezo huo, kwa sababu yeye anaamka mapema kuliko wote na bado ni maskini.

Tusimlaumu asiyesoma. Wenye digrii nao wanadanganywa. Lakini asiyesoma ana njia chache za kuhakikisha, na wenye nguvu wanajua hivyo.

Kwa hiyo twapendekeza kila tawi lianzishe ngumbaru, hata jioni moja kwa juma. Somo lisiishie a, e, i, o, u. Hadithi isomwe kwa sauti, kisha tuulizane: nani ameilipia? Nani hakupewa nafasi ya kusema? Mshahara ni kiasi gani?

Hadithi ya kweli haitaogopa maswali hayo.

Umoja ni nguvu.