Nguruwe mwitu Marekani: Je, risasi ya bastola lazima iwe ya risasi?

Kwa Kiswahili, neno risasi lina maana mbili: kile kinachotoka kwenye mtutu wa silaha, na madini mazito ya kijivu ambayo kwa karne nyingi yametumika kukitengeneza. Nchini Marekani, sheria imeanza kuvitenganisha vitu hivyo viwili, na wawindaji wa nguruwe mwitu ni miongoni mwa wanaoguswa.

Wizara ya Kilimo ya Marekani inakadiria kuwa nchi hiyo ina nguruwe mwitu zaidi ya milioni 6, katika majimbo yapatayo 35. Hufukua mashamba, huchafua vyanzo vya maji na kuwatia wakulima hasara inayozidi dola bilioni 1 kwa mwaka. Katika jimbo la Texas, tangu Septemba 2019 mtu anaweza kuwawinda kwenye ardhi binafsi bila leseni, mradi mwenye ardhi amekubali.

Kwa nini bastola ni suala tofauti?

Risasi ya bunduki ndefu husafiri mita 800 au zaidi kwa sekunde. Ile ya bastola kubwa, kama .44 Magnum, husafiri takriban nusu ya mwendo huo. Nguruwe dume aliyekomaa naye ana tabaka nene na gumu mabegani, na chini yake mifupa mizito. Risasi laini yenye tundu kwenye ncha inaweza kutanuka mapema na isifike kwenye moyo wala mapafu. Mnyama hukimbia na jeraha, au humgeukia mwindaji. Ndiyo maana wengi huchagua risasi nzito na ngumu yenye ncha bapa, iliyotengenezwa kwa madini ya risasi yaliyochanganywa na antimoni na bati.

California yapiga marufuku

Hata hivyo, tangu Julai 1, 2019, jimbo la California limepiga marufuku risasi zenye madini hayo katika uwindaji wote wa wanyamapori. Sababu kubwa ni kondori, ndege mla mizoga ambaye mwaka 1982 walikuwa wamebaki 22 tu. Sumu wanayoipata kwenye mizoga na matumbo yanayoachwa porini ndiyo inayoongoza kuwaua. Texas haina sharti kama hilo kwa nguruwe.

Mbadala ni shaba. Kwa kuwa ni nyepesi, risasi ya shaba yenye uzito uleule huwa ndefu zaidi, na hupunguza nafasi ya baruti ndani ya ganda. Bei yake pia mara nyingi huwa juu. Wawindaji wa bastola wana hoja nyingine yenye uzito: risasi yao ngumu, inayokwenda polepole, humeguka kidogo kuliko ile ya bunduki ndefu, lakini sheria inazihukumu sawa.

Lakini kumeguka kidogo si kutomeguka kabisa. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema hakuna kiwango cha madini hayo mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mwaka 2008, maafisa wa jimbo la North Dakota walizitaka ghala za chakula cha msaada zisigawe nyama ya kulungu ya kusaga iliyotolewa na wawindaji, baada ya chembe za risasi kugunduliwa ndani yake.

Kwa mtazamo wetu, hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Mwindaji huchagua risasi akifikiria bega la nguruwe, lakini athari zake huwafikia ndege, watoto wake na familia maskini zinazopokea nyama, ambao hawakuulizwa. Shaba inamtaka mwenye bastola ajaribu risasi zake mapema, asogee karibu zaidi na aache kufyatua pale asipokuwa na uhakika. Ni gharama, lakini angalau inalipwa na yule anayeshika silaha.