Pumba za Dakawa Ziingie Maabara

Hivi, wanachuo wenzangu, kwa nini kila mwaka tunahangaika kutafuta mada ya projekti wakati malighafi imelala barabarani? Nenda Dakawa, njia ya Dodoma, uangalie nyuma ya mashine za kukoboa mpunga. Gunia la kilo 100 linaacha pumba kama kilo 20. Nyingine zinachomea matofali, nyingine zinateketezwa tu.

Pumba ikiungua, karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake inabaki majivu, na zaidi ya asilimia 80 ya majivu hayo ni silika. Ukichoma kwa joto la nyuzi 600 hivi, bila kupitiliza, silika inabaki laini na rahisi kutoa kwa kostiki na asidi. Hiyo ndiyo bidhaa ambayo watafiti wa utando wa kutenganisha gesi wanaichanganya kwenye kopolima za bloku.

Kopolima ya bloku ni mnyororo mmoja wenye vipande vya tabia mbili: kimoja kigumu, kinachoupa utando nguvu, na kingine laini, kinachopitisha gesi. Kabonidayoksaidi inayeyuka kwenye kipande laini na kupenya haraka kuliko methani. Chembe ndogo za silika zikitawanyika vizuri, zinaweza kutanua nafasi kati ya minyororo na kuongeza kasi. Zikigandana mabonge, zinaacha mianya, na methani inavuja humohumo. Kazi yote iko kwenye kutawanya.

Inatuhusu nini? Gesi ya samadi ina methani asilimia 50 hadi 70, na sehemu kubwa ya inayobaki ni kabonidayoksaidi isiyowaka. Kuijaza kwenye mtungi ikiwa hivyo ni kubeba mzigo usiopika chochote. Wakati huohuo mkaa unakula miti, na misitu ya Uluguru ndiyo inayolisha mto Ruvu, ambao Dar es Salaam inaunywa.

Wapo watakaosema eti hayo ni mambo ya Ulaya. Nakubali nusu: kopolima yenyewe tutaagiza nje, kugandamiza gesi kunahitaji umeme, na ile harufu ya mayai viza lazima iondolewe kwanza, kwa mfano kwa vyuma vyenye kutu. Utando hautapika ugali wa mtu kesho. Lakini kupima kama silika yetu inafaa si anasa. Kasi ya gesi inapimwa kwa povu la sabuni linalopanda kwenye mrija wa kioo wenye alama, na saa ya simu yako. Kinachokosekana ni kishikio cha chuma cha kubana utando, geji na mitungi miwili ya gesi.

Basi serikali ya wanafunzi ipeleke ombi moja la maana: meza moja ya kupimia gesi, itumiwe na watu wa kemia, uhandisi wa kilimo na mifugo kwa pamoja, na projekti za vikundi zinazovuka idara ziruhusiwe. Matokeo yakiwa mabaya, yaandikwe pia, ili wa mwaka kesho asianze sifuri. Tukiendelea kunakili mada za kaka na dada zetu waliotutangulia, tutahitimu vizuri tu, na pumba zitaendelea kuungua.