Fidia ya Gari Huanzia kwenye Stakabadhi

Katika gereji nyingi, zikiwemo za kwetu Kericho na Bomet, neno "oili" limebebeshwa mzigo mzito mno. Kuna oili ya injini, ya giaboksi, ya usukani na ya breki. Aghalabu zote huitwa oili tu, na fundi huzitambua kwa rangi au kwa mahali chupa ilipowekwa. Nikiwa mwanaisimu, sishangai neno moja kuwa na maana nyingi, kwani muktadha huzitenganisha. Lakini muktadha wa gereji hubaki midomoni mwa watu. Siku gari linapoharibika, kila mmoja hukumbuka maneno yake, na madai ya fidia hufia hapo.

Kosa lenyewe si dogo. Oili ya giaboksi ikitiwa katika breki za magari yetu ya kawaida, lastiki za mfumo mzima huvimba. Breki huweza kung'ang'ania au kushindwa kabisa kushika, na katika miteremko ya mashamba ya majani chai, wakati wa mvua, hayo ni mauti. Tiba yake si kumwaga na kutia nyingine tu. Lastiki na mipira iliyoguswa sharti ibadilishwe. Giaboksi ya CVT nayo ina oili yake mahususi. Ikitiwa isiyofaa huchakaa upesi. Juu ya hayo, mengi ya magari haya yametoka Japani yakiwa yametumika, na kitabu cha maelekezo, kikiwapo, kimeandikwa Kijapani.

Je, mwalimu aliyenunua gari kwa mkopo wa chama cha ushirika akipatwa na mkasa huu, anyamaze? La hasha. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa, na ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro za huduma hiyo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 haikubali haki hizo zifutwe kwa makubaliano, sembuse kwa kibao cha ukutani kisemacho kuwa kila hasara ni ya mwenye gari. Isitoshe, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na mdai anaweza kujisemea mwenyewe bila wakili.

Hata hivyo, mahakama hutaka ushahidi. Kwa hiyo asiendelee kuliendesha gari, wala asikubali oili ile imwagwe kabla ya kuweka kiasi chake katika chupa safi mbele ya shahidi. Fundi mwingine alikague na aandike ripoti inayotaja alichokiona, athari zake na gharama ya matengenezo. Kisha mwenye gari aiandikie gereji barua ya madai, aambatishe nakala za stakabadhi na ripoti, na kutaja siku ya mwisho ya kujibiwa. Mambo mengi huweza kumalizika hapo bila kufika kortini.

Labda msomaji atasema kuwa fundi wa jua kali ni jirani yetu, naye ana watoto wa kulisha. Ni kweli. Lakini maandishi humlinda yeye pia. Stakabadhi ikitaja jina kamili lililo kwenye chupa, kiasi kilichotiwa na tarehe, hatabebeshwa kosa la gereji nyingine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nao hawakumtenga fundi na mwenye gari.

Nawasihi walimu wenzangu walichukue jambo hili darasani. Kila mwaka tunawafunza wanafunzi barua rasmi na ripoti, lakini mara nyingi tunawapa mada zisizo na uhai: kuomba kazi kwenye kampuni isiyokuwapo, au kumshukuru mgeni asiyefika. Wapeni barua ya kudai fidia kwa gereji. Watakaopungukiwa na tarehe, kiasi au jina la kitu, wanyimwe alama. Huko nje, mwenye kupungukiwa na hayo hunyimwa fedha zake.