Amana ya Mpangaji si Mali ya Mwenye Nyumba

Mfanyakazi ahamaye nyumba katika miji yetu hukutana na gharama mbili kwa siku moja. Ya kwanza ni ya gari la kubebea vyombo, nayo aijua mapema. Ya pili huletewa mlangoni, vitanda vikiwa vimekwisha funguliwa na watoto wamekaa juu ya mabegi: ni hesabu ya mwenye nyumba, isemayo kwamba ile fedha aliyoiweka siku alipoingia imekwisha. Imekwendea rangi, kitasa, usafi na "mengineyo". Risiti haionyeshwi, na dereva wa gari anapiga honi. Basi mpangaji huguna, akaondoka, na jambo likaishia hapo.

Sisi twaona haifai liishie hapo. Fedha hiyo wengine waiita dhamana, na mawakala wa nyumba za ghorofa waiita dipoziti, lakini sisi twapendelea neno la zamani, yaani amana, kwa kuwa neno hilo limekwisha kutoa hukumu. Amana ni mali ya mtu iliyowekwa kwa mwenziwe ili irudi. Aliyewekewa hana ruhusa ya kuigusa ila kwa sababu waliyopatana, na mwenye kuila bila ya sababu hiyo Waswahili hawakumwita mfanya biashara, walimwita khaini.

Kweli, katika vyumba vya Manzese, Buguruni na Mbagala amana ya namna hii si desturi kubwa. Huko hutozwa kodi ya miezi 6, pengine ya mwaka mzima, kwa mkupuo mmoja. Hesabu ya mtu aliyelipa hivyo kisha akahamishwa kazi katika mwezi wa 3 ni tofauti kidogo, maana yeye ndiye aondokaye kabla ya wakati. Hata hivyo, chumba kile kikipata mpangaji mwingine baada ya juma moja, mwenye nyumba amelipwa mara mbili kwa miezi ile ile, wala hatujasikia sababu ya haki ya kuzishika fedha zote mbili.

Yatupasa tuseme sheria inasemaje, kwa kuwa wengi hudhani hakuna sheria. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imeweka masharti ambayo huhesabiwa kuwamo katika upangaji hata kama hayakuandikwa. Mpangaji airudishe nyumba katika hali aliyoikuta. Lakini hawajibiki kwa uchakavu wa kawaida, wala kwa moto, mafuriko na maafa mengine yasiyotokana na uzembe wake. Na Sheria ya Mikataba, ambayo ni ya tangu mwaka 1961, yasema kwamba avunjaye mapatano hulipa fidia ya hasara iliyotokea kweli. Hata pale mkataba unapotaja kiasi fulani kuwa adhabu, kiasi hicho ni ukomo tu. Anayedai hupata kilicho cha haki ndani ya ukomo huo. Kwa hiyo maneno yale ya mikataba ya kununua dukani, kwamba "amana hairudishwi kwa sababu yoyote", hayana nguvu kama yanavyotisha.

Tuchukue mfano. Mpangaji aliweka amana ya Sh 300,000, akakaa miaka 2. Anapoondoka aambiwa: rangi Sh 180,000, kitasa Sh 20,000, usafi Sh 30,000, mengineyo Sh 40,000. Arudishiwa Sh 30,000, na watu wamwambia ashukuru.

Sasa tuitazame hesabu hiyo. Rangi ya ukutani huchakaa hata akipanga malaika. Kama mwenye nyumba hupaka rangi kila baada ya miaka 4, basi nusu ya umri wa rangi ile imekwisha kulipwa ndani ya kodi ya kila mwezi. Tuseme watoto wamechora ukuta mmoja kwa mkaa, na kuupaka ukuta huo ni Sh 40,000. Haki ya mwenye nyumba ni nusu yake, Sh 20,000. Akitoza zaidi, atajipatia rangi mpya badala ya rangi kuukuu kwa fedha ya mtu mwingine. Kitasa sawa, ufunguo ulipotezwa na mpangaji, na alipe. Usafi ameufanya mwenyewe, na chumba kinaonekana. "Mengineyo" si kitu kiharibikacho. Makato ya haki ni Sh 40,000, siyo 270,000.

Na hesabu haijakwisha, maana iko fedha iendayo upande wa pili ambayo haitajwi kamwe. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa katika umeme wa LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ilianza kwa Sh 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa Sh 1,500. Kodi hiyo ni deni la mwenye jengo, lakini anunuaye umeme ni mpangaji. Katika miaka 2, kwa kiwango hicho cha Sh 1,500, mpangaji wetu amemlipia mwenye nyumba Sh 36,000. Ukiziweka hizo mahali pake, arudishiwe Sh 296,000. Alipewa 30,000.

Wako watakaosema kwamba twawasema vibaya wenye nyumba, na kwamba wengi wao si matajiri. Neno hilo ni la kweli. Mjane mwenye vyumba 3 vya kupangisha, aliyeachiwa sinki lililovunjwa na deni la maji la miezi 4 na kijana aliyehama usiku, naye ni mnyonge, na amana ndiyo ngao yake ya pekee. Hatutaki anyang'anywe ngao hiyo. Tunachokikataa ni kwamba mtu mmoja awe mdai, na mweka hazina, na hakimu, katika shauri moja lililo lake. Wahenga walikwisha kucheka habari ya kumpelekea ngedere kesi ya nyani. Hapa kesi ya mpangaji hupelekewa mwenye nyumba mwenyewe, naye akiwa amekwisha kuitia fedha mfukoni.

Chama chetu hakiwezi kujifanya mgeni katika jambo hili. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 Serikali iliyatwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya Sh 100,000, na Msajili wa Majumba akawekwa kuyasimamia, mpaka mwaka 1990 kazi hiyo ilipotiwa katika Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka 1991, kule Zanzibar, sharti lile la viongozi lililegezwa. Na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, iliyokuwa na mabaraza yake ya nyumba, ilifutwa mwaka 2005. Hatuandiki haya kwa kutaka kuyarudisha yote. Mabaraza yale yalikuwa na uzito wake, na nyumba nyingi za kodi ya chini ziliachwa zibomoke. Lakini ngazi iliondolewa, na aliyebaki chini ni mpangaji. Tena tuseme wazi: tangu mwaka 1991 miongoni mwa wenye nyumba wamo viongozi na wanachama wenzetu, wavaao shati la kijani mkutanoni na kuandika "mengineyo" nyumbani. Kwao hao hatuhitaji kungoja sheria. Mkutano wa tawi watosha kumwuliza mwanachama amana ya mwenziwe iko wapi.

Kwa wengine sheria yahitajika. Leo mpangaji mwenye dai la nyumba hutakiwa kwanza kupita Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 husuluhisha tu wala haliamui. Lisipofaulu katika siku 30, njia yaelekea Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Deni litokanalo na mkataba laweza pia kudaiwa katika Mahakama ya Mwanzo, na sisi twashauri njia hiyo ijulikane zaidi kwa watu wa madai madogo. Walakini kibarua atakayekosa kazi siku 5 kufuatia Sh 266,000 hufanya hesabu yake upesi, na mwenye nyumba aijua hesabu hiyo vizuri kuliko yeye.

Uingereza, nchi ambayo hakuna atakayeishitaki kwa ujamaa, iliona kwamba dawa haimo katika kuongeza mahakama bali katika kuiondoa fedha mkononi mwa mwenye kuidai. Tangu Aprili 2007 mwenye nyumba apokeaye amana katika upangaji wa kawaida wa makazi hulazimika kuiandikisha katika mfuko ulioidhinishwa na serikali, na sasa muda wake ni siku 30. Asipofanya hivyo aweza kuamriwa kumlipa mpangaji mara 1 hadi mara 3 ya amana yenyewe. Wakibishana mwishoni, yuko msuluhishi asiye wa upande wowote, na ni juu ya mwenye nyumba kuthibitisha uharibifu anaoudai. Kwetu sisi, ambako hata muuza mchicha hupokea fedha kwa simu, kuiweka amana ya mpangaji mahali pa tatu, isitoke ila kwa idhini ya pande zote mbili au kwa amri ya baraza, si kazi ya kuwashinda wataalamu wa Wizara ya Ardhi. Wabunge wetu wauchukue mswada huo.

Wakati huo ukingojwa, mpangaji asiingie nyumba kwa furaha ya kuipata tu. Siku ya kupewa funguo, waandike karatasi moja yeye na mwenye nyumba: kuta zikoje, vitasa vingapi, sinki lina ufa au halina, dari linavuja wapi, namba ya mita na usomaji wa maji. Mwenyekiti wa mtaa au balozi atie sahihi kama shahidi, na picha zipigwe kwa simu siku hiyo hiyo. Karatasi hiyo isomwe tena siku ya kuondoka, kabla gari halijaitwa, na kila kato liwe na risiti yake. Na stakabadhi za LUKU zisitupwe, maana kodi ya majengo nayo imo katika hesabu hiyo.