Nyota ya asubuhi haihukumu siku nzima

Wahenga walinena kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Ni methali tunayoipenda mno katika shule zetu, hasa siku ya kuwatuza wanafunzi, tunapomwinua mkono mtoto aliyeongoza na kuwatangazia wazazi kwamba huyu ndiye daktari au mhandisi wa kesho. Sina ugomvi na wahenga. Hata hivyo, naona methali hii tumeibebesha mzigo usiokuwa wake. Aliyeiona nyota alfajiri hajaiona adhuhuri, wala hajui jua litatua vipi.

Mfano wangu leo unatoka mbali, katika nchi ambako vijana hupewa nyota kwa hesabu. Nchini Marekani mchezo unaopendwa kupita yote huitwa futiboli, japo mguu hauna kazi kubwa ndani yake. Unakaribiana zaidi na raga: mpira ni wa umbo la yai, na wachezaji 11 wa kila upande hupambana kifua kwa kifua. Tofauti kubwa ni kwamba katika raga ni mwiko kurusha mpira mbele kwa mkono, ilhali katika mchezo huo anayejua kuurusha mbele ndiye mfalme. Huyo huitwa kwotabeki. Hupokea mpira, huutazama uwanja kwa sekunde mbili tatu huku majitu ya upande wa pili yakimjia mbio, kisha huamua amrushie nani. Kwa kawaida timu huwa na kwotabeki mmoja tu uwanjani.

Vijana wa mchezo huu hutafutwa wakiwa bado shule ya upili. Makocha wa vyuo vikuu huwafuata hadi nyumbani, huketi sebuleni pamoja na wazazi, na kuahidi masomo, malazi na chakula bila malipo. Wadadisi nao huwapanga kwa nyota, na wenye nyota tano ndio wanaohesabiwa kuwa wateule wa wateule. Mvulana wa miaka 17 mwenye nyota nne au tano huandikwa magazetini kana kwamba tayari amekwisha kushinda kitu.

Taabu huanza siku anapowasili chuoni. Kwa miaka mingi vyuo vya daraja la juu viliruhusiwa kuwa na wachezaji 85 wanaofadhiliwa masomo katika timu moja. Wanaoweza kuwa uwanjani kwa wakati mmoja ni 11. Kila mmoja wa wale 85 alikuwa jogoo wa kijiji chake, na jogoo wa shamba, kama tujuavyo, hawiki mjini. Kijana aliyeahidiwa ufalme hujikuta amevaa sare safi isiyopata hata tone la tope, akisugua benchi Jumamosi baada ya Jumamosi, huku wazazi wake wakiwa wamesafiri mwendo mrefu kuja kumtazama ameketi.

Mmoja wa vijana hao alikuwa Joe Burrow. Alilelewa karibu na mji wa Athens, kusini-mashariki mwa jimbo la Ohio, eneo linalojulikana kwa umaskini. Mwaka 2014 alitajwa kuwa mchezaji bora wa shule za upili katika jimbo zima. Mwaka 2015 alijiunga na Chuo Kikuu cha Ohio State, ambacho Januari mwaka huohuo kilikuwa kimetwaa ubingwa wa taifa. Aliwakuta hapo kwotabeki wawili waliokwisha kutajika. J.T. Barrett alikuwa ameiongoza timu kwa sehemu kubwa ya msimu uliotangulia, na alipoumia, Cardale Jones aliyeanza msimu huo akiwa chaguo la tatu alishika usukani na kuupata ubingwa.

Mwaka wa kwanza Burrow hakucheza kabisa. Mwaka wa pili aliingia kwa nadra, mechi ikiwa imekwisha kuamuliwa. Mwaka wa tatu, 2017, aliuvunja mfupa wa mkono wake wa kurushia muda mfupi kabla ya msimu kuanza, na nafasi ya msaidizi ikachukuliwa na Dwayne Haskins. Barrett alipoumia katika mechi dhidi ya mahasimu wao wa jadi, Michigan, Haskins ndiye aliyeitwa, akaingia na kuinusuru timu. Katika miaka yote mitatu aliyokaa Ohio State, Burrow alirusha pasi 39 tu. Hiyo ni kazi ambayo kwotabeki wa kikosi cha kwanza anaweza kuifanya katika alasiri moja.

Tukikomea hapo, tungesema kwamba nyota ile ya asubuhi ilikuwa kimulimuli. Nina hakika wako waliosema hivyo. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwaka 2018 Burrow alihamia Chuo Kikuu cha Louisiana State. Msimu wake wa kwanza huko ulikuwa wa kadiri, pasi 16 za kufunga, na hakuna aliyemtabiria makuu. Msimu wa 2019 alirusha pasi 60 za kufunga, timu yake ikashinda mechi zote 15, akatwaa Tuzo ya Heisman, ambayo tangu 1935 hupewa mchezaji bora wa vyuo. Januari 13, 2020, waliilaza Clemson 42-25 na kuwa mabingwa wa taifa. Aprili mwaka huohuo alikuwa mchezaji wa kwanza kuchaguliwa kuingia ligi ya kulipwa.

Hadithi kama hii huwa tamu kusimuliwa, na hapo ndipo penye hatari. Msomaji anaweza kuifunga kwa kusema kwamba subira huvuta heri, akageuza ukurasa. Mimi naona kuna mambo mawili ambayo tusipoyatazama tutakuwa tumekula ganda na kuitupa nazi.

La kwanza ni kwamba kocha hakukosea. Mgala muue na haki yake mpe. Haskins aliyepewa nafasi mwaka 2018 alirusha pasi 50 za kufunga msimu huo. Kunyimwa nafasi si lazima kuwe dhuluma, wala si lazima kuwe ithibati kwamba hufai. Wawili wanaweza kufaa, na kiti kikawa kimoja. Kijana asiyeelewa jambo hili atatafuta mchawi, au atajidharau nafsi yake, na yote mawili ni sumu.

La pili, nalo ndilo kiini cha makala haya, ni kile kilichomfungulia Burrow mlango. Kanuni za wakati ule zilimtaka mchezaji anayehama kati ya vyuo vya daraja hilo akae mwaka mzima bila kucheza. Aliyekuwa amehitimu shahada ya kwanza ndiye aliyeruhusiwa kucheza mara moja. Burrow alikuwa ameimaliza shahada yake kwa miaka mitatu, ileile miaka mitatu ya benchi. Laiti angeyaacha masomo kwa sababu ya kununa, angeupoteza msimu wa 2018, na pengine hata 2019 isingekuwa kama ilivyokuwa. Ufunguo ulichongwa darasani, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akimpigia makofi.

Wala si yeye peke yake. Jalen Hurts aliingia Alabama akiwa kijana aliyetafutwa sana, na mwaka 2016 akaiongoza timu tangu mwaka wake wa kwanza. Januari 8, 2018, katika fainali ya taifa dhidi ya Georgia, alitolewa wakati wa mapumziko, timu ikiwa nyuma 13-0. Tua Tagovailoa, chipukizi wa mwaka wa kwanza, aliingia mahali pake, na Alabama ikashinda 26-23. Nchi nzima ilimwona Hurts akisimama kando akiwashangilia wenzake. Alibaki msimu uliofuata akiwa msaidizi. Desemba 1, 2018, katika uwanja uleule na dhidi ya Georgia ileile, Tagovailoa aliumia, Hurts akaingia na kuigeuza mechi, wakashinda 35-28. Mwezi huohuo alihitimu shahada yake, kisha akahamia Oklahoma. Mwaka 2019 alikuwa wa pili nyuma ya Burrow katika Tuzo ya Heisman, na Februari 2025 aliiongoza Philadelphia Eagles kutwaa ubingwa wa ligi ya kulipwa, akatajwa mchezaji bora wa fainali.

Huenda msomaji akanipinga kwamba nimewachagua waliofaulu na kuwaficha wengi walioishia bure. Ni hoja ya haki, na ndiyo inayonipa nguvu. Kati ya kila wachezaji 100 wa vyuo, wanaofika ligi ya kulipwa hawatimii wawili. Waliobaki, wenye nyota na wasio na nyota, hurudi mtaani kuishi kama sisi sote. Kwao benchi haikuishia katika shangwe. Kilichobaki mikononi mwao ni kile walichokisoma, au utupu wa kile walichokataa kusoma.

Siku hizi mambo yamebadilika. Oktoba 2018 ilianzishwa sajili ambamo mchezaji anayetaka kuhama huandikisha jina lake na vyuo vingine vikaruhusiwa kumwendea. Aprili 2021 aliruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje mwaka mzima. Aprili 2024 kikomo cha idadi ya kuhama kikaondolewa, mradi masomo yake yawe yanakwenda sawa. Isitoshe, tangu Julai 2021 wachezaji wanaweza kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vimeruhusiwa kuwalipa moja kwa moja.

Sitaki kuilaani hali hii. Makocha waliolipwa mamilioni walikuwa wakihama wapendavyo huku kijana akifungwa kamba. Uhuru huo ni haki iliyochelewa. Lakini uhuru nao una mtego wake. Kijana aliyeketi wiki nne bila kucheza hushawishika kuhama, na mwaka unaofuata huhama tena. Kila anapohama, baadhi ya masomo aliyokwisha kuyapasi huenda yasikubaliwe kule aendako, na shahada ikazidi kusogea mbali kama mazigazi jangwani. Tena wako wengi wanaojiandikisha kuhama na wasipate chuo kinachowataka. Hao huangukia kati, huku wameachwa, kule hawakupokewa. Burrow na Hurts nao walihama, na sioni kosa. Waliondoka wakiwa na shahada mkononi. Kuhama kwa namna hiyo ni safari, na kuhama mikono mitupu ni kutoroka.

Kwa nini niyalete haya mbele ya walimu na wanafunzi wa Kenya? Kwanza, vyuo hivyohivyo vya Marekani vimekuwa vikiwafadhili wakimbiaji wetu kwa zaidi ya nusu karne. Marehemu Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State alipovunja rekodi nne za dunia mwaka 1978. Kila kijana wetu anayekwenda huko kwa nguvu za miguu hukuta wenzake wenye miguu kama yake au kumshinda, na anapaswa kujua mapema kwamba mguu huteguka na cheti hakiteguki.

Pili, na hili ndilo linalotuhusu zaidi, benchi hiyo imo ndani ya madarasa yetu. Tangu 1985 hadi 2023 tuliwachagua watoto kwa mtihani wa KCPE, na mtaala mpya nao una njia zake za kuchagua. Kila mwalimu wa kidato cha kwanza katika shule ya kitaifa amewahi kumwona mtoto aliyepokewa kwa nyimbo kijijini, aliyechangiwa karo na nauli, akafika shuleni na kukuta kila jirani wa dawati lake naye aliongoza kwao. Mwisho wa muhula wa kwanza yeye ni wa arobaini. Huandika barua ya kuomba ahamishwe, au hunyamaza kimya kibaya ambacho mwalimu mwenye haraka hukiita utulivu. Nyumbani mzazi huuliza ni nani aliyemroga. Katika chumba cha walimu wako wanaosema kwamba alama zile hazikuwa zake.

Walimu wenzangu, mtoto huyo hajazimika. Ameingia mahali ambapo wenye mwangaza ni wengi. Kazi yetu ni kumwonyesha kwamba kiti cha nyuma kina kazi yake, na kumpima kwa hatua anazopiga yeye mwenyewe badala ya kumpima kwa sifa alizokuja nazo. Ikiwa siku moja itabidi ahame, tumsaidie ahame akiwa amebeba kitu.

Nanyi wanafunzi, msidanganywe na nyota mlizopewa wala msitishwe na zile mlizonyimwa. Usiku ule wa Desemba 2019 alipopokea Tuzo ya Heisman jijini New York, Burrow hakujisifu kwa pasi zake. Alitokwa na machozi akiwataja watoto wa kwao Athens wanaorudi nyumbani kutoka shuleni na kukosa chakula cha kutosha mezani, akasema kwamba anasimama pale kwa niaba yao. Siku chache baadaye watu walikuwa wamechanga zaidi ya dola 500,000 kwa ajili ya ghala la chakula la wilaya ile. Sidhani kwamba kijana aliyepanda moja kwa moja kutoka nyota hadi taji, bila kuonja kukaa mahali pasipotazamwa na mtu, angewakumbuka kwa urahisi wale wasiotazamwa na mtu.