MAONI YETU: KABLA YA KIJANA KUINGIA CHUO CHA UALIMU



Barua ya kuitwa chuoni ikifika katika nyumba ya mfanya kazi, huwa ni furaha. Sanduku hununuliwa, blanketi hununuliwa, na mama huwaambia majirani kwamba mwanawe atakuwa mwalimu. Furaha hiyo ni ya haki. Lakini twaona kuna jambo moja linalosahauliwa, nalo ni kuhesabu.

Zamani mwalimu wa shule ya msingi alisomea cheti kwa miaka miwili. Tangu 2021 mafunzo hayo yamekuwa ya diploma, nayo ni miaka mitatu. Kwa baba mwenye mshahara mdogo, maana yake ni karo ya mwaka mmoja zaidi. Basi asihesabu muhula wa kwanza peke yake. Akiuza ng'ombe leo, na mwaka wa pili kijana akarudishwa nyumbani, diploma hakuna na ng'ombe hayupo. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Ulizeni kwanza kama chuo kimeandikishwa na serikali. Karo ilipwe benki, na risiti iwekwe. Msimpe mtu fedha mkononi kwa ahadi ya nafasi.

Na wewe kijana, usingoje kufika chuoni ndipo uanze kujifunza ualimu. Keti jioni na watoto wa jirani, uwafundishe kusoma na hesabu, uone kama una subira. Kijue Kiswahili vizuri. Wala usidharau lugha za wenyeji, kwa kuwa mpango wa masomo wataka watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya mahali wanapokaa.

Jambo jingine ni chungu, lakini hatutalificha. Zamani aliyemaliza chuo alipewa kazi mara moja. Mambo hayo yalikwisha katika miaka ya mwisho ya 1990. Mwaka 2003 masomo ya msingi yalifanywa bila malipo, madarasa yakafurika, na hali walimu wengi waliohitimu walikaa nyumbani miaka na miaka. Karibuni wengine wamechukuliwa kwa mkataba mfupi, wakapewa posho badala ya mshahara kamili. Sisi twasema: mahali palipo na watoto wasio na mwalimu, na mwalimu asiye na kazi, kosa si la mwalimu.

Haki haiji kwa kungoja. Walimu walipoanzisha chama chao cha KNUT mwaka 1957, waajiri wao walikuwa wengi, misheni hii na halmashauri ile, na kila mmoja alikuwa na masharti yake. Walidai mwajiri mmoja kwa walimu wote. Tume ya Kuwaajiri Walimu ikaundwa mwaka 1967. Ilikuwa kazi ya miaka kumi.

Kwa hivyo kijana asiingie chuoni akidhani chaki itamtenga na sisi. Mwalimu ni mfanya kazi, na siku atakapopata kazi na aingie chamani.

Nasi tulio kazini tusimwachie baba mmoja mzigo huu. Twaomba kila tawi, katika mkutano wake ujao, lizungumze habari ya mfuko wa karo kwa watoto wa wanachama. Shilingi chache za kila mwezi kwa kila mtu zaweza kumfikisha kijana mwaka wa tatu.